Duchenne: dawa, mazoezi, au vyote? Nilivyovilinganisha kabla mwanangu hajaanza

Mama mmoja wa Sakina, Arusha, alinipigia simu wiki mbili zilizopita. Mwanawe ana miaka mitano, majibu yametoka kuwa ni Duchenne, ugonjwa wa kinasaba unaoharibu misuli taratibu, na nyumba imegawanyika. Baba anataka mtoto aanze vidonge vya steroidi kesho. Mama anaogopa steroidi na anataka mazoezi yajaribiwe kwanza. "Dada, nyie mlichagua nini?" Niliongea mpaka salio likaisha, nikabaki na mengi ambayo sikuyamaliza. Nayaandika hapa kwa sababu najua si yeye peke yake anayeuliza.

Mwanangu ana miaka tisa na bado anatembea. Tunaishi Pasua, Moshi, na kwetu ni Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Hilo la Kibosho nitalirudia, maana mteremko una habari yake kubwa.

Gunia lisilo na mshono imara

Huwezi kulinganisha dawa na mazoezi kama hujui kila kimoja kinapigana na nini. Misuli ya watoto hawa haina protini iitwayo distrofini, iliyogunduliwa mwaka 1987. Mimi huielewa kama mshono wa gunia la kahawa. Gunia lenye mshono mbovu unaweza kulibeba polepole likafika. Ukilidondosha au ukalivuta kwa nguvu, nyuzi zinaachia na buni zinamwagika. Ndiyo maana kipimo cha damu cha CK, kimeng'enya cha misuli, huwa juu ajabu, mara kumi hata mara mia ya kawaida: ni vilivyomo ndani ya misuli vinavyovujia kwenye damu. Vimeng'enya vingine vya misuli ni vilevile vya ini, kwa hiyo wapo watoto wanaotibiwa ini miezi kadhaa wakati ini lao halina tatizo.

Ugonjwa huu hupata takribani mtoto mmoja wa kiume kati ya 3,500 hadi 5,000. Na kwa akina mama wenzangu wanaoambiwa ni mkosi wa ukoo wao: kweli kasoro hukaa kwenye kromosomu ambayo mtoto wa kiume huipata kwa mama, lakini karibu theluthi moja ya watoto hawa kasoro imeanzia kwao wenyewe. Tuachane na hayo, hayanyooshi kisigino.

Mazoezi bila dawa

Uzuri wake unajulikana. Hayahitaji cheti cha daktari, hayanenepeshi, unaanza usiku wa leo. Kunyoosha kano za kisigino, goti na nyonga kunachelewesha viungo kukaza, na viungo vikikaza mtoto anaacha kutembea mapema hata kama nguvu kidogo ipo.

Ila hakuna zoezi linaloshona gunia. Misuli inaendelea kuharibika chini kwa chini huku wewe ukijipongeza. Bila matibabu wengi huacha kutembea kabla ya kufika miaka 13.

Kuna hatari nyingine ambayo sisi tuliingia nayo kichwa kichwa. Mzazi akishaamini mazoezi ndiyo tiba, anaongeza. Mume wangu alisema miguu ikifanyishwa kazi itapata nguvu, kama ya vijana wanaobebea watalii mizigo mlimani. Kila jioni tukiwa Kibosho alikuwa anamshusha mtoto mpaka barabarani na kumpandisha tena. Siku ya tano mtoto aliamka analia mapaja, na mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi. Mtaalamu wa mazoezi tiba alipotuuliza tulikuwa tunafanya nini, tulimweleza kwa fahari. Akamtazama mume wangu, akasema taratibu, "Baba, kupanda si shida sana. Kushuka ndiko kunakokata misuli."

Ukishuka mteremko au ngazi, msuli wa paja unakaza na wakati huohuo unavutwa urefuke. Hapo ndipo nyuzi zinapokatika. Watafiti wanaotaka kuona madhara ya ugonjwa huu kwa panya huwakimbiza kwenye mashine iliyoelekezwa mteremkoni. Sisi tulikuwa tunamfanyia mtoto yaleyale kwa upendo.

Dawa bila mazoezi

Dawa yenyewe hapa kwetu ni prednisolone. Vidonge vya miligramu 5 vimejaa famasi za Moshi na Arusha na si ghali. Tangu jaribio la Marekani la mwaka 1989, lililohusisha watoto 103, inajulikana kwamba huongeza nguvu. Ikitumiwa mfululizo kwa miaka huahirisha kuacha kutembea, kwa kawaida kwa miaka miwili au mitatu na kwa wengine zaidi, na baadaye inasaidia mgongo usipinde na mapafu yasichoke mapema. Hakuna zoezi linalofanya hayo.

Lakini dawa hailegezi kano iliyokwisha kukaza. Kwenye benchi la kliniki nilikutana na mtoto wa miaka minane aliyekuwa anameza vidonge bila kukosa tangu akiwa na mitano. Mapaja yake yalikuwa na nguvu kuliko ya mwanangu. Visigino vilikuwa havigusi chini, na magoti yameanza kukataa kunyooka. Hakuna aliyemwambia mama yake kwamba kuna kazi ya jioni. Nguvu alikuwa nayo, pa kuisimamishia ndipo hakuna.

Halafu kuna unene. Steroidi inaleta njaa isiyokwisha, na mwili unakusanya mafuta usoni na tumboni. Kwetu hapa hilo ni mtego, kwa sababu mtoto akinenepa anasifiwa. Bibi wa mwanangu alipomwona baada ya miezi minne ya dawa alishangilia: "Jamani, sasa mmepata dawa! Mashavu hayo!" Nilimwamkia shikamoo na kunyamaza. Kila kilo inayoongezeka inabebwa na misuli ileile dhaifu. Sahani ya mtori ikaanza kupimwa, sukari kwenye chai ikapungua, na mandazi ya saa nne yakawa ugomvi mpaka leo.

Madhara mengine: presha, urefu kudumaa, balehe kuchelewa, mifupa kudhoofika, mtoto wa jicho, hasira za ghafla. Wetu alikuwa halali usiku mpaka tulipohamishia vidonge asubuhi baada ya chai.

Vikiunganishwa

Hapa ndipo nilipoelewa kwamba swali la mama wa Sakina lina jibu. Kila kimoja kinaziba tundu la mwenzake. Dawa inapunguza kasi ya kuharibika, mazoezi yanahakikisha nguvu iliyookolewa ina kiungo kinachokunjuka cha kuitumia. Dawa inanenepesha na kudhoofisha mifupa, kujongea na kusimama kunasaidia vyote viwili. Dawa inampa mtoto hamu ya kukimbia, na mtaalamu wa mazoezi anakufundisha mahali pa kumzuia.

Kama lazima kimoja kitangulie, basi anza kunyoosha wiki hii, kwa sababu hakisubiri miadi. Lakini usikifanye kisingizio cha kuahirisha dawa. Kwa mtoto wa miaka minne mpaka sita, kabla hajaanza kurudi nyuma, ndio wakati wake. Mama wa Sakina, kwa miaka yako mitano, hapa namuunga mkono baba watoto.

Kila siku au wikiendi?

Ukishakubali dawa, uchaguzi wa pili unakuja na huu ndio mgumu kuliko wa kwanza. Nimechukua mtoto wa kilo 20 ili hesabu ieleweke. Dozi ya mwanao anaipanga daktari, si mimi.

| | Kila siku | Jumamosi na Jumapili tu | Siku 10 anameza, siku 10 anapumzika |
|---|---|---|---|
| Vidonge vya mg 5 | 3 kila asubuhi | 20 kwa kila siku ya hizo mbili | 3 kila asubuhi katika zile 10 |
| Nguvu | Ndiyo inayoongoza | Jaribio la watoto 64 kwa mwaka mmoja: ilikaribiana na ya kila siku | Ilishindwa na ya kila siku katika jaribio la miaka mitatu |
| Kero nyumbani | Unene, urefu, kutosahau | Vidonge vingi kwa mkupuo, hasira za wikiendi | Kuhesabu siku, wengi hupotea |

Jaribio hilo la miaka mitatu lilitolewa mwaka 2022, watoto 196 wa miaka minne hadi saba katika nchi tano za Ulaya na Amerika Kaskazini. Liliweka pia deflazacort, ndugu wa prednisolone. Dawa zote mbili zikimezwa kila siku ziliishinda ile ya siku 10 kwa 10, na deflazacort ilinenepesha pungufu ukilinganisha na ndugu yake, ingawa ilidumaza urefu zaidi. Kama ndugu yako wa nje anaweza kukutumia deflazacort kwa miezi mitatu halafu basi, mimi singeanza nayo. Afadhali dawa ya kawaida isiyokatika.

Sisi tulichagua kila siku. Rafiki yangu wa Majengo alichagua wikiendi kwa sababu mtoto alianza kumpiga mdogo wake, na siku tano za kazi nyumba ilikuwa haikaliki. Simlaumu. Vidonge 20 kwa kijiko cha uji ni shughuli nyingine, lakini anasema Jumatatu anampata mwanawe tena.

Kabla ya kidonge cha kwanza kuna mambo ya kumaliza. Chanjo zikamilike. Kifua kikuu kichunguzwe, maana steroidi inaweza kukiamsha. Na kwa watoto wetu wanaokanyaga peku kwenye migomba, uliza kuhusu minyoo ya strongiloidi, inayoingia kupitia ngozi ya mguu. Mtu mwenye minyoo hiyo akipewa steroidi inaweza kusambaa mwilini na kuua. Ni dawa fupi ya minyoo inayomaliza jambo, ila lazima mtu akumbuke kuiuliza. Sisi tuliikumbushwa na muuguzi, si daktari.

Jambo ambalo halina mjadala: ikishatumika mfululizo, dawa haikatwi ghafla. Mwili umeshaacha kutengeneza steroidi yake. Disemba moja tulipanda Kibosho kula sikukuu, begi la dawa likabaki juu ya friji Pasua. Nilikumbuka usiku wa siku ya pili mtoto alipolegea na kuanza kutapika. Mume wangu alishuka na pikipiki ya jirani usiku uleule, na sisi tukamfuata na mtoto mpaka hospitali, kwa sababu mtoto anayetapika hata kidonge hakikai na anahitaji sindano. Tangu siku hiyo vidonge vya wiki moja vinakaa kwa bibi, vingine kwenye mkoba wangu.

Mazoezi nayo si kitu kimoja

Watu wakisema mazoezi wanachanganya vitu vinne tofauti, na kimojawapo ni sumu.

Kunyoosha ndiko kwa lazima. Angalau siku nne hadi sita kwa wiki: kisigino, nyuma ya goti, mbele ya nyonga. Unavuta polepole, unashikilia, unaachia. Mtoto akilia umepitiliza. Kwetu inachukua dakika 25, mbele ya katuni, na anayefanya ni yule aliyewahi kurudi nyumbani. Tulipomwachia dada wa kazi peke yake ikawa inafanyika siku mbili kwa wiki, na hilo si kosa lake. Kama unalinganisha gharama, hapa ndipo bei ya kweli ya mazoezi ilipo: haikudai hela, inakudai jioni zako zote.

Maji ndiyo mazuri kuliko yote kwa mwili, kwa sababu yanambeba mtoto uzito. Tatizo ni joto. Moshi ina madimbwi ya kuogelea ya hoteli, lakini maji baridi yanakaza misuli, na Juni mpaka Agosti mimi simwingizi. Arusha ipo juu zaidi na baridi yake mnaijua. Watu hunishauri Chemka kule upande wa Boma Ng'ombe. Maji yale ni ya uvuguvugu na mazuri, ila ni ya kina na yana mkondo, mtoto mwenye mabega dhaifu hashikiliwi na kamba ya kubembea. Kama mnaenda, mtu mzima anayejua kuogelea awe naye mkononi muda wote.

Baiskeli ndiyo chaguo langu. Uholanzi walijaribu na watoto 30, baadhi yao tayari wako kwenye kiti mwendo: baiskeli inayosaidiwa na mota, dakika 15 za miguu na 15 za mikono, siku tano kwa wiki kwa wiki 24. Waliokanyaga walibaki pale walipokuwa, wasiokanyaga walishuka. Mimi sina mota. Fundi wa baiskeli alichomelea stendi inayoinua gurudumu la nyuma, mtoto anakanyaga hewani bila mzigo huku anasikiliza redio. Pasua ni tambarare, kwa hiyo Jumamosi anaendesha kweli, na mimi nyuma nikishika tandiko.

Cha nne ni kunyanyua vizito, kuruka, kupanda na kushuka. Hicho acha. Anayekaa Machame au Marangu atanicheka, kwa sababu kule hata choo kiko mteremkoni. Basi akipanda apande kwa miguu yake polepole, akishuka abebwe au apewe lifti. Kipimo chako ni asubuhi inayofuata: maumivu ya misuli yakiendelea, au mkojo ukawa mweusi, jana mlizidisha, na huo mkojo ni wa kwenda hospitali.

Hilo limenifikisha shuleni. Mwalimu mmoja, ambaye sikumwambia mapema na kosa ni langu, alimrukisha kichurachura na wenzake kwa sababu ya kelele. Kichurachura ni kushuka na kuruka kwa paja lililokunjwa, mara 20. Alilala siku tatu. Sasa kila mwaka mpya naenda na barua ya daktari, naomba darasa lisilo na ngazi, na kiti cha karibu na mlango. Hakuna zoezi la nyumbani litakalofidia adhabu ya namna ile.

Ukipelekwa kwenye kisu, au kwenye dawa mpya

Kwa sababu watoto hawa wanakanyaga kwa vidole, kuna atakayekushauri kano ya kisigino ikatwe irefushwe. Kwa mtoto anayetembea, kukanyaga vidole ni ujanja wa mwili wa kutafuta usawa, na kumnyang'anya kunaweza kumkalisha. Nisingekubali bila mtu anayeijua Duchenne kuniambia uso kwa uso kwa nini. Na kwa upasuaji wowote, hata wa jino, mpe mtu wa usingizi jina la ugonjwa, kwa sababu zipo dawa za usingizi zinazoweza kuwaua.

Dawa mpya zipo: vamorolone na givinostat ziliidhinishwa Marekani mwaka 2023 na 2024. Tiba ya jeni ya Elevidys ilitangazwa kwa dola milioni 3.2 kwa mtoto mmoja, na mwaka 2025 vijana wawili waliokwisha kuacha kutembea walifariki kwa ini kushindwa baada ya kupewa. Sijapoteza usiku wangu kuzilinganisha.

Kwa umri

Chini ya miaka minne: kunyoosha kama mchezo, chanjo, na moyo upimwe. Minne hadi minane, bado anaongeza au amesimama palepale: vyote viwili, hapa sina kusitasita. Anayeanguka kila siku na karibu kuacha: dawa bado ina kazi, ila mweke kwenye kiti mwendo kwa safari ndefu kabla hajavunjika mguu, maana mtoto akilazwa wiki sita kwa mfupa huenda asisimame tena. Aliyekwisha kukaa: wengi hukata tamaa na kuacha vyote. Mikono, mgongo na mapafu bado vinalindwa na dawa, na vidole, viwiko na viganja vinahitaji kunyooshwa sasa kuliko zamani. Karibu na miaka kumi uliza pia dawa ya moyo, aina ya enalapril, hata kama moyo hauna dalili. Hiyo ndiyo dawa ambayo wazazi wengi wa huku tumeisikia tukiwa tumechelewa.

Kuhusu mahali: kwa mazoezi tiba na vifaa, KCMC, hospitali ya rufaa hapa Moshi, ina faida yake. Ndani ya eneo lake kuna TATCOT, chuo kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi, na ndiko mwanangu alikopimwa gamba la mguu, kifaa kigumu cha kuvaa usiku ili kisigino kisikaze. Kutoka Arusha ni kama kilomita 80, Coaster zipo tangu alfajiri. Mama wa Sakina, vipimo vya damu na presha vya kila mara fanya hukohuko kwenu, hapa njoo kwa gamba na kwa mtaalamu akufundishe mikono yako, halafu urudi nyumbani ukaendelee.

Gamba lenyewe nalo lina ulinganisho wake. Linavaliwa usiku kwa ajili ya kisigino, si la kutembelea. Kwa joto la Moshi la Februari, mwanangu alikuwa analivua saa sita na kulitupa chini ya kitanda. Tulipigana naye miezi miwili. Sasa analivaa kwa muda wa saa mbili tu, kuanzia taarifa ya habari mpaka anapopanda kitandani, na visigino bado vinagusa sakafu.